Taarifa ya Kamati ya Kichwa cha Gazeti

Kwa niaba ya Halmashauri ya Mji, kwa heshima niliyopewa na Mkurugenzi na ile ninayojiongezea mwenyewe, nautangazia umma kwamba kazi ya kubuni kichwa cha gazeti letu imekamilika. Imechukua miezi saba, vikao ishirini na kimoja, na kikao kimoja cha dharura kilichoahirishwa mara mbili. Yapo majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa muda mfupi kuliko huo, lakini majumba hayo hayakuwa na Kamati.

Kwa wasiojua, kichwa cha gazeti ni ile sehemu ya juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, yenye jina la gazeti, nembo na tarehe. Watu wa kawaida hawaitazami. Wanairuka na kwenda moja kwa moja kwenye habari. Hilo ndilo tatizo tulilopewa kulitatua, na naweza kusema kwa kifua mbele kwamba tulilitatua kwa kuondoa habari.

Mimi ndiye Mwenyekiti wa Kamati hiyo. Kwa cheo cha kudumu ni Mkuu wa Kitengo cha Mwonekano, kitengo chenye mtumishi mmoja, ambaye ni mimi, na kiti kimoja kinachozunguka. Nimekaa kwenye kiti hicho miaka kumi na miwili na sijakizungusha vibaya hata siku moja.

Kabla ya kueleza kazi yenyewe sina budi kuutaja Waraka wa Mwonekano Namba 14, kwa sababu niliuandika mimi na kwa sababu ndio ulioniponza. Mwaka juzi tulitoa kalenda yenye picha za viongozi. Mchapaji wetu, mzee tunayemwita Fundi Wino, mtu wa miaka thelathini kwenye mashine, alinionea huruma. Alichukua brashi akanijazia nywele mahali zilipokwisha kuhama, akapunguza kidevu kimoja kati ya viwili, akanitia na shingo. Kalenda ilipotoka, watu wakaanza kuuliza huyu kijana ni nani, na yule mzee amehamishiwa wapi. Mlinzi wa getini alinizuia asubuhi mbili mfululizo, kidole kikiwa juu ya picha. "Mkuu wa Kitengo ni huyu hapa," alisema. "Wewe ni nani wake?"

Ndipo nikaandika Waraka. Unasema hivi: mchapaji atachapa nakala iliyogongwa muhuri kama ilivyo, bila kuongeza, kupunguza, kufuta, kusafisha wala kupendezesha, atakayekwenda kinyume atajieleza kwa maandishi. Niliuweka kwenye fremu ya kioo, nikaenda mwenyewe na nyundo kuutundika ukutani juu ya mashine. Fundi Wino aliusoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Sawa, bosi. Kuanzia leo akili naiacha nyumbani." Nilimsifu kwa utii.

Sasa gazeti. Halmashauri iliamua kuwa na gazeti lake la kila wiki, kurasa nne, la kuwapa wananchi habari za mji wao. Mhariri aliyeajiriwa ni mdogo wa mke wangu. Naomba isidhaniwe kwamba kulikuwa na kubebana. Alishinda usaili kwa haki, na mimi nilikuwa wa kwanza kusikitika. Wiki ya kwanza tu alikuja ofisini kwangu na karatasi moja kubwa. Juu, kwa herufi nyeusi zilizochorwa kwa mkono na Fundi Wino, palikuwa na neno moja: JIRANI. Urefu wake vidole vitatu. Chini yake, ukurasa mzima ulikuwa na habari moja na picha moja.

"Shemeji, gonga muhuri twende," alisema. "Daraja la miguu limepasuka nguzo ya pili. Nimetia mkono wangu kwenye ule ufa, ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Na watu wanapita pale tangu asubuhi, na watoto mgongoni."

"Hapa ofisini mimi si shemeji."

"Haya, Mheshimiwa Mwenyekiti. Nguzo imepasuka vilevile."

Nilimweleza kwa upole kwamba ameanza na mkia. Gazeti lisilo na kichwa kilichoidhinishwa ni karatasi tu, na Halmashauri haiwezi kuzungumza na umma kupitia karatasi tu. Akauliza kama basi tunaweza kuweka ubao pale darajani, maneno mawili, MSIPITE HAPA. Wazo halikuwa baya. Nililipeleka kwenye kikao cha kwanza cha Kamati, na huko nikatoa pendekezo lililopigiwa makofi: kwa ajili ya kulinda mwonekano, hakuna tangazo, barua wala ubao utakaotoka kabla ya kichwa kipya kupitishwa. Makofi yale niliyasikia masikioni wiki nzima.

Kamati ilikuwa na watu watano. Mimi, Ofisa Itifaki, Mwanasheria, Bwana Afya na Mhandisi. Juu yetu alikuwepo Mkurugenzi, ambaye haji vikaoni bali huletewa faili. Karibu kila faili anaandika neno moja, Nimeona, na kutia saini ndefu. Ameshaandika Nimeona kwenye barua za kuomba likizo, kwenye malalamiko ya maji, na mara moja kwenye kadi ya harusi. Watu wa masjala wanamwita Bwana Nimeona, ingawa si mbele yake, na mimi nilikuwa nikiwakemea kwa sauti ya kutosha kusikika chumba cha pili.

Kikao cha kwanza kilijadili jina. Ofisa Itifaki alisema Jirani ni jina la chini, kwa kuwa jirani anaweza kuwa mtu yeyote. Mwanasheria alisema jirani ni mtu ambaye mna mgogoro wa mpaka naye, kwa hiyo jina liambatane na maelezo kwamba Halmashauri haidaiwi kiwanja na mtu. Tukaongeza maelezo. Vidole vitatu vikawa sita.

Bwana Afya akataka ufagio kwenye nembo. Ofisa Itifaki akasema ukiweka ufagio upande wa kulia lazima uweke kitu upande wa kushoto, ama sivyo gazeti litaonekana limepinda. Mhandisi, mtu mpole asiyependa makuu, akasema basi liwekwe daraja, maana daraja ni alama ya maendeleo.

"Daraja lipi?" aliuliza Mhariri, ambaye alikuwa amekaa mlangoni kama mwalikwa asiye na kura.

"La miguu. Si ndilo tulilo nalo?"

"Hilohilo lililopasuka?"

Mhandisi akatazama meza. "Kwenye mchoro litakuwa zima," alisema.

Penye wengi pana mengi. Kikao cha tano kilileta kaulimbiu. Kikao cha sita kilileta kaulimbiu ya pili, kwa sababu ya kwanza haikumtaja Mkurugenzi. Kikao cha tisa kilileta picha ya Mkurugenzi, na cha kumi kikaleta picha yake nyingine akitazama upande wa pili, ili asionekane ameupa kisogo upande wowote wa mji. Kikao cha kumi na mbili niliomba, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba Mwenyekiti wa Kamati aonekane kidogo, hata kama ni bega. Bega langu likapitishwa kwa kauli moja. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na furaha ambayo hata leo inanifedhehesha.

Kadiri kichwa kilivyokua, habari ya Mhariri ilipungua. Ilianza ukurasa mzima. Ikawa nusu. Ikawa upana wa kiganja. Kila mara alikuja na karatasi yake aliyoikata upya, bila kununa, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi, maana watu wa ukoo wa mke wangu wakinyamaza ujue wanapima. Mwishowe alibakiwa na maneno matatu: Daraja bovu. Msipite.

"Neno bovu ni kali," alisema Mwanasheria.

"Litazua taharuki," alisema Ofisa Itifaki.

Tukamrekebishia: Daraja lina changamoto za uthabiti. Mhariri akasoma, akauliza mtu aliyebeba mtoto mgongoni atajuaje kwamba changamoto za uthabiti maana yake ataanguka mtoni. Bwana Afya akamjibu kwamba wananchi waelimishwe. Na kwa kuwa sentensi mpya ilikuwa ndefu kuliko nafasi iliyobaki, ikahamishiwa ukurasa wa nne, nafasi ikiruhusu. Nafasi haikuruhusu. Ukurasa wa nne ulikuwa na orodha ya wajumbe wa Kamati.

Hapa naomba kuingiza jambo la nyumbani, ingawa Ofisa Itifaki angesema halihusiani. Mama mkwe wangu anaishi nasi. Ana goti linalomsumbua, na kila Jumatano huenda zahanati kulikanda. Zahanati iko ng'ambo ya mto, upande wa ofisi yetu. Kwa barabara ya juu ni mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye goti zima. Kwa daraja la miguu ni dakika kumi. Jioni moja tukiwa mezani aliweka kijiko chini.

"Mwanangu, watu wanasema daraja limepasuka. Na huyu binti yangu naye kaning'ang'ania nisipite. Ni kweli?"

Mke wangu akanitazama. Mhariri, aliyekuwa amekuja kumsalimia mama yake, akanitazama zaidi.

"Mama, habari rasmi bado haijatoka," nilisema.

"Kwa hiyo ni uongo."

"Sikusema ni uongo, mama. Nimesema haijatoka."

"Basi." Akachukua kijiko chake. "Lingekuwa bovu ungeniambia. Si uko hukohuko ofisini? Huyu mdogo wake mkeo ni mtu wa kukuza mambo tangu utotoni. Wewe ni mtu wa utaratibu."

Niliomba niongezewe mboga. Sitaficha, niliona aibu, tena aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Ilidumu hadi nilipokumbuka kwamba jambo lile halijapita kwenye kikao. Jumatano iliyofuata mama mkwe alipita darajani, na ile nyingine pia. Mimi ofisini huenda kwa gari la Halmashauri, barabara ya juu.

Mwezi wa saba rasimu ya mwisho ikaanza kuzunguka. Nieleze utaratibu wetu, kwa kuwa wageni huwa hawauelewi. Ofisi yetu haina nakala safi. Karatasi ni moja tu, nayo huenda meza kwa meza. Kila mkubwa huandika maoni yake palepale pembeni, hutia saini palepale, na kugonga muhuri palepale. Mwingine humjibu palepale. Karatasi ikirudi huwa imejaa kila upande, na ndipo inaitwa nakala mama. Ukiinakili upya ikawa safi, haina saini. Isiyo na saini haijaidhinishwa. Isiyoidhinishwa lazima izunguke tena. Mtu aliyewahi kujaribu kusafisha nakala mama alistaafu faili lake likiwa bado njiani.

Nakala mama ya kichwa cha gazeti ilizunguka siku kumi na tisa. Ilirudi na mihuri minane, saini kumi na moja, maoni kila pembe, na duara la kikombe cha chai juu ya picha moja ya Mkurugenzi. Nami niliandika langu, chini kabisa ya maneno ya Mkurugenzi, kama ninavyofanya kwenye kila karatasi aliyoiandika. Maoni ya pembeni ni siri ya ofisi, kwa hiyo sikuwa na nia ya kuyataja hapa.

Mhariri ndiye aliyekuja kuichukua kuipeleka kwa mchapaji. Aliishika kwa mikono miwili, akasogea dirishani, akaisoma yote, pembe kwa pembe. Alichukua muda mrefu. Nilijiandaa kwa malalamiko. Badala yake aliikunja vizuri, akaitia kwenye bahasha.

"Sina pingamizi tena, shemeji," alisema. "Kichapwe kama kilivyo."

Nilifurahi. Nilimwambia kwamba hatimaye ameiva, kwamba ofisi inahitaji vijana wanaoelewa utaratibu. Alinishukuru kwa maneno machache na kuondoka haraka.

Siku mbili baadaye Fundi Wino alikuja na nakala ya majaribio kwapani. Nilikuwa nimesimama mbele ya kabati la vioo, nikijifunza hotuba yangu ya uzinduzi na kutafuta mahali pazuri pa kuweka mkono wa kushoto.

"Bosi, hebu itazame hii kabla sijatoa zote."

"Ina mihuri?"

"Inayo. Ina na mengine."

"Mengine gani?"

"Haya ya kalamu. Nisiyasafishe kwanza?"

Sikugeuka. "Fundi, ukutani kwako pametundikwa nini?"

"Waraka."

"Unasema nini kuhusu kusafisha?"

"Unasema nijieleze kwa maandishi," alisema. "Na mimi kuandika sipendi. Basi nachapa." Akaondoka, na mimi nikarudi kwenye mkono wangu wa kushoto.

Uzinduzi ulifanyika Alhamisi, saa nne asubuhi, ukumbi wa Halmashauri. Viti mia mbili vilijaa, kwa kuwa wananchi waliambiwa gazeti ni la bure. Magazeti yaliwekwa mlangoni yakiwa yamekunjwa, na Ofisa Itifaki akaagiza mtu yeyote asifungue lake kabla ya Mkurugenzi. Mstari wa pili, kwenye viti vya jamaa za viongozi, walikuwa mke wangu na mama yake. Nilishuka kumsalimia.

"Shikamoo, mama. Umefikaje na goti hilo?"

"Marahaba, mwanangu. Nimepita darajani, njia fupi. Leo limetikisika kweli. Limelia kama kitanda kibovu. Nikasema, ah, ningeambiwa."

Nilipanda jukwaani. Nasema ukweli, kwa sekunde chache nilitamani kuchukua kipaza sauti na kusema maneno yale matatu ya Mhariri. Lakini ratiba ilikuwa imefika kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi ana kipaji ambacho wengi wanakionea wivu. Anaweza kusoma kwa sauti nzito na madaha karatasi ambayo hajawahi kuiona, bila kuisikia anapoisoma. Ameshasoma hotuba ya mazishi kwenye mahafali, na watu walilia. Basi alilikunjua gazeti mbele ya kamera, akaliinua, akaanza kutoka juu. Alisoma jina. Alisoma maelezo kwamba Halmashauri haidaiwi kiwanja. Alisoma kaulimbiu zote mbili. Kisha, kwa sauti ileile, akafika kwenye maandishi ya kalamu yaliyokuwa ubavuni mwa mchoro wa daraja.

"Mhandisi: Daraja kwenye mchoro lichorwe imara. La kweli nguzo ya pili imepasuka, linaweza kwenda na maji siku yoyote." Akaendelea kwa madaha yaleyale. "Mkurugenzi: Nimeona. Najua tangu mwaka juzi. Habari yake isitoke mpaka nipate uhamisho..."

Hapo ndipo alipojisikia. Mkurugenzi alilitazama gazeti, akaligeuza kana kwamba upande wa pili ungemtetea, akakutana na orodha ya Kamati. Halafu akafanya jambo ambalo wakubwa hulifanya vizuri kuliko watu wote. Akanipa kipaza sauti.

"Mwenyekiti ataendelea," alisema.

Nilitazama mahali alipoishia. Mstari uliofuata ulikuwa wangu. Mwandiko wangu nimeufanyia mazoezi miaka mingi, una mikia mizuri kwenye herufi za mwisho, na Fundi Wino alikuwa ameuchapa bila kuupunguzia mkia hata mmoja. Nilikohoa. Nikanywa maji. Nikakohoa tena. Chini, watu mia mbili walikuwa wanafungua magazeti yao kwa pamoja, na ukumbi ulijaa sauti ya karatasi.

Mama mkwe alivaa miwani. Alishika gazeti mbali, kisha karibu, akapitisha kidole chini ya maneno. Alisoma polepole, kwa sauti ya mtu anayesomea nafsi yake, lakini karatasi zilikuwa zimetulia na kila mtu alisikia.

"Naunga mkono. Kwa bahati mimi napita barabara ya juu kwa gari."

Akavua miwani akanitazama.

"Mwandiko ni wako, mwanangu," alisema.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mahali palepale nilipouzoeza kukaa, na sikujua tena kazi yake.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kasi isiyofuata utaratibu wowote. Kabla ya chai ya uzinduzi kunywewa, fundi viatu mmoja na wenzake walikuwa wameshafunga kamba pande zote mbili za daraja. Kwenye kila kamba walining'iniza ukurasa wa kwanza wa gazeti letu. Hakuna aliyeandika ubao. Kichwa cha gazeti kilitosha. Watu walisimama, wakasoma mwandiko wa Mkurugenzi na muhuri wake, wakageuka. Kamba isingewazuia, na maneno ya Mhariri hayakuwahi kuwazuia. Saini iliwazuia.

Jumapili mvua ilinyesha milimani, na mchana kweupe nguzo ya pili ikaondoka. Daraja lilikwenda lote, na juu yake hakukuwa na mtu. Kilichokwenda nalo ni kibao cha mawe kilichosema daraja hilo limezinduliwa na Mkurugenzi.

Jumatatu Mkurugenzi aliitisha kikao. Mwanzoni alitaka kujua nani aliyevujisha siri za ofisi. Tulipekua nakala mama na kukuta waliovujisha ni watu kumi na mmoja, na wote wametia saini, yake ikiwa ndefu kuliko zote. Fundi Wino aliitwa. Alikuja na fremu ya kioo chini ya kwapa, akaiweka mezani mbele yangu, akakaa. Mwanasheria aliusoma Waraka Namba 14 na kutamka kwamba mchapaji ni mtu pekee katika Halmashauri aliyefanya kazi yake. Nadhani alisema hivyo kwa masikitiko.

Ikaamuliwa kichwa kibadilishwe mara moja. Ofisa Itifaki akakumbusha kwamba kichwa kilichoidhinishwa hubadilishwa kwa njia ileile kilivyoidhinishwa: kikao, rasimu, karatasi kuzunguka meza kwa meza, maoni pembeni, saini kumi na moja. Mkurugenzi akasema sawa, karatasi iletwe. Ikaletwa. Ikakaa katikati ya meza na kalamu juu yake. Nilimtazama Mhandisi, Mhandisi akamtazama Bwana Afya, Bwana Afya akatazama ufagio wake kwenye nembo. Hakuna aliyekuwa tayari kuandika neno pembeni mwa karatasi yoyote tena. Mpaka leo ipo palepale, nyeupe kabisa, na wafagiaji wanaizunguka.

Kwa hiyo gazeti linatoka kila Alhamisi na kichwa chake kilekile. Mihuri minane, picha mbili, bega langu, duara la chai, na maneno ya kalamu. Mhariri amepewa kurasa tatu nzima za habari, kwani hakuna mjumbe anayetaka jina lake liendelee kuwa ukurasa wa nne. Watu wanalisoma kuanzia juu kabisa, na wanasoma kichwa kuliko wasomaji wa gazeti lolote duniani, jambo ambalo ndilo lilikuwa lengo la Kamati, na naomba liingie kwenye muhtasari. Uhamisho wa Mkurugenzi ulifika, pamoja na barua nyingine ya kuusitisha: atakaa hapahapa mpaka daraja jipya likamilike, na atakuwa wa kwanza kulivuka, kwa miguu. Kila asubuhi anaonekana mtoni na kofia ngumu kichwani, akihimiza zege.

Kuhusu mimi hakuna barua iliyoandikwa. Jumatano ya kwanza baada ya daraja kwenda, nilitoka nyumbani nikamkuta mama mkwe amekaa kwenye gari la Halmashauri, kiti cha mbele, mkoba magotini. Nyuma walikuwa wazee wenzake watatu na magoti yao.

"Mama, hili gari ni la ofisi," nilisema.

"Najua. Si ulisema wewe unapita barabara ya juu? Na sisi leo tunapita juu."

Tangu siku hiyo kila Jumatano nawapeleka zahanati, nawasubiri nje wakandwe, nawarudisha. Ofisini nafika saa sita na hakuna anayeniuliza, na hilo linanionyesha ukubwa wa kitengo changu. Mama mkwe hanisemi. Ananiita mwanangu vilevile, ananiuliza kama nimekula. Ila wiki iliyopita alisahau gazeti lake kwenye kiti cha mbele, nami nikalifungua kulitazama bega langu. Pembeni mwa mstari wangu, kwa kalamu ya bluu, alikuwa ameandika neno moja: Nimeona. Akatia saini, na tarehe ya siku ya uzinduzi.